Msafara wa Kumzika Pasear

Alhamisi, tarehe 6 Juni. Asubuhi hii Moshi imeamka na mawingu mazito na manyunyu yanayoanguka bila bidii. Mlima hauonekani. Umejifunika kama mgonjwa asiyetaka wageni.

Niliota usiku wa jana. Lakini kabla ya ndoto inafaa mjue mambo machache, maana ndoto yenyewe haikumpa mtu nafasi ya kueleza chochote.

Mwanangu Elineema ni muuguzi huko Zaragoza, Hispania. Aliolewa hukohuko, na mjukuu wangu Nuria, ambaye ana miaka sita, hajui Kiswahili zaidi ya neno "bibi". Jumamosi hii wanakuja. Ndiyo sababu mimi, Namsifu, mjane wa umri wa kuheshimika, nimekuwa nikienda kila jioni kujifunza Kihispania kwa Mwalimu Habakuki, kijana aliyesoma Kuba. Tunasomea katika darasa la shule ya msingi lenye madawati yanayobana magoti. Wenzangu wote ni waongoza wageni mlimani. Wao wanajifunza kusema "kunywa maji" na "usikae hapo utaganda". Mimi najifunza kuzungumza na mtoto.

Wiki iliyopita Nuria aliniuliza kwenye simu, "Abuela, ¿vamos a pasear?" Yaani, bibi, tutatoka kutembea? Nilielewa kila neno, nikamshukuru Mungu hapohapo, nikamjibu kwa furaha, "¿Adónde?" Wapi?

Mtoto akacheka kidogo, akasema kitu pembeni, akamrudishia mama yake simu.

"Kasema nini?" nikamwuliza Elineema.

"Kasema hujamwelewa, mama. Kutembea tu. Hakuna wapi."

Hakuna wapi. Nikalipeleka jambo hilo darasani. Mwalimu Habakuki akaandika ubaoni PASEAR, akapigia mstari.

"Hii si kwenda," akasema. "Hii ni kutoka nje, ukatembea, ukapunga upepo, ukarudi."

"Ukarudi na nini?"

"Bila kitu, mama."

"Sasa ulikuwa umefuata nini?"

"Hukufuata kitu."

Anaeli, mwongoza wageni mwenye mdomo kuliko wote, akageuka kwenye dawati. "Bibi, mimi nikimtoa mtu getini, nikamzungusha, nikamrudisha getini bila kufika popote, nanyang'anywa leseni. Huko kwa wakwe zako wanakuvisha shada."

Darasa likacheka, nami nikacheka nao, maana alisema kweli. Mwalimu anasema Hispania jioni ikifika mji mzima hutoka nje. Wamevaa vizuri, wamechana nywele, hawaendi msibani, hawaendi sokoni, hawaendi ibadani. Wanapita, kisha wanarudi. Na hakuna anayewauliza. Niliwaza: watu wazima hao.

Akatupa zoezi. Kila mmoja atoke, atembee uwanjani kidogo, bila sababu. Wenzangu walizunguka mikono mifukoni wakipiga miluzi. Mimi nilirudi na mikono imejaa chupa za plastiki, kwa sababu uwanja wa watoto ulikuwa mchafu. Mwalimu akanipa sifuri. Alisema ni sifuri ya upendo, lakini niliiona jinsi ilivyokuwa.

Jana kabla ya kulala nilipiga magoti. Nikamwomba Mungu anijalie kitenzi hiki kabla ya Jumamosi. Nilimweleza wazi: mtoto atakuja, atanyoosha mkono, nami nikimwuliza tena wapi, atauteremsha ule mkono, na mkono wa mtoto ukiteremka mara ya pili hauinuki kirahisi. Niliomba anifunulie.

Sikuomba amlete Pasear mwenyewe.

Katika ndoto niko sebuleni kwangu, mtaani Pasua, mchana kweupe. Mtu ameketi kwenye kochi, juu ya kitambaa cha kufuma ambacho hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Amevaa suti ya kitani na kofia nyeupe. Viatu vyake havijawahi kukanyaga tope. Hana mikono. Mikono ya koti imeshonewa mifukoni, na ndani yake hamna kitu.

"Mimi ni Pasear," anasema. "Umenililia kwa Mungu wako mpaka nimeamshwa. Haya, nitoe nje."

"Karibu, bwana. Nikuletee chai?"

"Nitaishikia nini?"

Naona aibu. "Mikono yako imepatwa na nini?"

"Haijawahi kuwapo. Mikono ni ya watu wenye shughuli." Anaitazama kalenda ukutani, ndoo zilizofunikwa, kuni zilizopangwa, mashine ya kushonea yenye kitambaa ambacho hakijamalizika. Anakunja pua. "Nyumba nzima hii inangoja kitu," anasema. "Inachosha hata kuikalia."

"Bwana, unakalia kitambaa changu."

"Nimewahi kutembezwa na watoto," anaendelea, kana kwamba sijasema. "Nimetembezwa na wagonjwa wanaopata nafuu, na wachumba, na wazee wenye miguu mibovu kuliko yako. Nimetembezwa na mbwa. Mbwa, mama. Mbwa walinielewa siku ya kwanza."

Sijatukanwa hivyo tangu nizaliwe. Lakini Jumamosi inakuja, kwa hiyo ninainuka. Najitanda kanga, navaa kandambili, nachukua kikapu.

"Huyo abaki," anasema Pasear.

"Nani?"

"Huyo mwenye mpini."

Kikapu kinashtuka mkononi mwangu. "Mimi nibaki?" kinasema. "Mimi ndiye ninayemjulisha huyu mama njia. Nimezaliwa kwenda Kiboriloni sokoni na kurudi. Wewe umezaliwa kwenda wapi?"

"Sikuzaliwa kwenda."

"Basi umezaliwa kwa hasara," kinasema kikapu. Kisha kinanigeukia. "Mama Elineema, ukitoka nami siko, watu watasema nini?"

Nakiweka juu ya meza. Kinajigeuza kuelekea ukutani.

Tunatoka. Getini nasimama, kama nifanyavyo siku zote, nafumba macho na kusema, "Bwana, unifikishe salama." Sala inapanda, naisikia ikipanda. Halafu inarudi. Inatua mbele ya kandambili zangu kama kuku aliyerushwa juu ya uzio, inajikung'uta.

"Wanauliza," inasema sala, "ufikishwe wapi?"

"Sijui."

"Basi hawawezi kunipokea. Huko juu kila kitu kina mahali pake." Inaingia uani na kuanza kudonoa.

Pasear anacheka. Hana mikono, kwa hiyo anacheka kwa mabega. "Umemfanya Mungu wako tarishi," anasema. "Tangu utotoni unamtuma tu. Twende. Hapana, usiende. Tembea."

Natembea. Mwendo wangu unataka kukimbilia mbele, naukamata. Mikono yangu haijui ikae wapi. Naiweka mbele, inataka kubeba. Naiweka nyuma, inataka kufunga kitu. Naiacha ining'inie tu, mitupu, kila mtu aione.

Jirani yangu Mama Aikande ameketi kibarazani anachambua mchele. Ni mwanamke mwema ambaye hakuna kinachompita.

"Kwema, mama Elineema?"

"Kwema, jirani."

"Unakwenda wapi mama?"

"Siendi."

"Huendi?"

"Natembea."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu."

Mama Aikande anautazama mkono wangu wa kulia. Anautazama wa kushoto. Anautazama mwendo wangu. Kwetu mtu mzima akionekana barabarani mikono mitupu, anatembea taratibu na macho yake hayatafuti kitu, kuna maiti mahali. Hakuna maelezo mengine. Anafunika mchele kwa sahani, anavuta kanga ya mabegani, anaifunga kiunoni.

"Jamani," anasema kwa sauti ya chini. "Nani?"

"Hakuna, jirani. Napunga upepo."

"Pole mama. Usiongee. Ukiongea utaanguka."

Ananishika kiwiko, anaanza kutembea nami. Pasear anatembea upande wa pili, anatazama mawingu. Mama Aikande hamwoni, au anamwona na kumdhania mgeni wa mjini aliyekuja na habari.

Nyumba ya pili wanawake wanajifunga kanga. Nyumba ya tatu mtu anazima redio. Fundi baiskeli anavua kofia. Nyuma yangu nasikia nyayo, kwanza za watu wachache, halafu za mtaa. Nageuka na kusema kwa sauti, "Ndugu zangu, rudini! Hakuna msiba!" Wanawake wawili wanaangua kilio.

"Anakana," wanasema. "Amepigwa vibaya huyu."

Viti vya plastiki vinatoka kwenye ghala la mtaa, vimepandana mgongoni, vinatembea kwa miguu minne minne. Kimoja kinanung'unika, "Tumetoka harusini sasa hivi. Hata hatujafutwa soda." Turubai linajikokota nyuma yao na kuuliza kila mtu kama mvua itanyesha. Masufuria makubwa yanabingirika. Kwaya nzima inatokea kwenye kichochoro kisicho na upana wa kwaya.

Kisha anafika Mzee Eliakunda, mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya mtaa wetu, na kipaza sauti chake. Watu husema mzee huyu hulala amevaa koti jeusi. Ratiba anayo tayari. Limebaki jina tu.

"Mama Elineema, pole sana. Jina la marehemu?"

"Hakuna marehemu, mzee."

"Litatajwa baadaye," anawaambia wanakamati, nao wanaitikia kwa vichwa. "Umri?"

"Mzee, nisikilize. Natembea tu."

Ananitazama kwa huruma kubwa. "Ndivyo wanavyosema wote siku ya kwanza."

"Mwulize huyu," nasema, namwonyesha Pasear. "Huyu ndiye aliyenitoa."

Mzee Eliakunda anamtazama Pasear kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe ni wa upande gani wa familia?"

"Sina upande," anasema Pasear.

"Umekuja na mchango gani?"

"Sina mikono."

"Basi kaa na watoto," anasema mzee, na kupandisha kipaza sauti mdomoni. "Tangazo! Msafara sasa unaelekea kaburini!"

Pasear anasimama ghafla. Rangi yote inamtoka usoni. "Amesema kuelekea?" ananiuliza.

"Amesema."

"Mama, mimi nikielekezwa mahali nakufa."

Na hapohapo barabara inakuwa si barabara. Ni lile darasa letu la jioni. Madawati yamesukumwa ukutani, ubao umefunikwa kitambaa cheusi, na pale anaposimama mwalimu kuna shimo lililochimbwa vizuri, kona zake zimenyooka. Mwalimu Habakuki amesimama kando yake na chaki mkononi.

"Nimechimbwa kwa kipimo cha nani?" linauliza shimo.

"Subiri," anasema mwalimu. "Analetwa."

Anaeli na wenzake wanaingia na jeneza begani, kwa mpango, kama wanavyobeba mizigo ya wageni. "Bibi, pole," anasema Anaeli. "Lakini jeneza ni tupu. Tumepandisha vitu vingi maishani, hatujawahi kupandisha hewa."

Mtaa mzima unanigeukia. Mzee Eliakunda anakohoa. "Mama, watu wameacha kazi zao. Viti vimetoka. Wali uko jikoni. Msafara kama huu haurudi hivihivi."

Nyuma yangu kitu kinaanguka. Ni kofia nyeupe. Baada ya kofia anaanguka mwenyewe, polepole, kwa mtindo, kama mtu anayejilaza kwenye nyasi.

"Kumbe ndiye!" anasema Mama Aikande, na uso wake unapata nafuu. "Si ungesema mapema, jirani, tungejua. Jina lake nani?"

"Pasear."

"Pasea. Masikini. Hata mikono hana."

Wanamlaza ndani ya jeneza. Anaenea vizuri sana, kwa sababu hakuna viwiko.

Nilifurahi, siwafichi. Tangu sebuleni alikuwa ananibeza. Alikuwa amekalia kitambaa changu, amemwita Mungu tarishi wangu, amenilinganisha na mbwa nikashindwa. Niliwaza, afukiwe, tule, turudi makwetu. Nimeishi bila yeye miaka yote hii na watoto wamesoma.

Mzee Eliakunda anasoma wasifu wa marehemu. Karatasi haina kitu, lakini anaisoma.

"Marehemu Pasea alizaliwa ughaibuni. Hakusoma, kwa sababu shule ni mahali. Hakuoa, kwa sababu ukweni ni mahali. Hakujenga. Katika uhai wake wote hakuwahi kufika. Hakumbebea mtu mzigo hata wa kuni. Marehemu hakuhudhuria msiba hata mmoja wa mtaa huu."

Minong'ono inapita.

"Hata wa mume wa mfiwa mwenyewe," anaongeza mzee.

"Aibu," kinasema kiti kimoja.

"Nilipita," inasema sauti kutoka ndani ya jeneza.

"Ulipita wapi?"

"Nilipita karibu. Jioni ilikuwa nzuri."

"Maiti inajisifu," anasema Mama Aikande. "Mama yangu alikufa na adabu zake, hakujibu mtu."

"Ameacha pengo?" anauliza Mwalimu Habakuki.

Mzee anageuza karatasi, anatazama nyuma. "Halikuonekana."

Hapo mlango wa darasa unafunguka. Anaingia mtoto amevaa koti la mvua la njano na buti. Ni Nuria. Sijawahi kumwona nje ya simu, kwa hiyo ni mdogo sana, na pembeni ana ule mwangaza wa kioo. Watu wanampisha. Anatazama chini ya dawati moja, anatazama chini ya jingine. Anainua kifuniko cha sufuria, anakirudisha.

"Abuela," ananiambia, "¿dónde está?" Yuko wapi?

Nawaambia ukweli, hakuna mtu katika darasa lile aliyethubutu kumwonyesha jeneza. Hata shimo lilitazama pembeni.

Nuria ananyoosha mkono wake kwangu. Vidole vimefunguka. Nafungua mdomo nimjibu, na naona kwamba mdomoni mwangu kuna neno moja tu, limejaa kama kiazi cha moto. Neno lenyewe ni "wapi". Nafunga mdomo kwa mikono yote miwili. Mkono wa mtoto unabaki hewani. Unaanza kushuka.

"Mtoto asogee," anasema Mzee Eliakunda. "Udongo unaanza. Mfiwa ndiye wa kwanza."

Wananipa udongo mkononi. Udongo mwekundu, baridi. Watu wote wamechukua wao, wameuinua, wananisubiri, maana hakuna anayetupia kabla ya mfiwa. Hiyo ndiyo desturi yetu, na katika ndoto ile ilikuwa ndiyo sheria pekee iliyokuwa ikisimamiwa.

Najua jambo moja tu: udongo huu ukianguka, Jumamosi sina kitu.

Sitaki kuutupa. Siwezi kuurudisha, haurudishwi. Kwa hiyo nalizunguka kaburi. Nalizunguka taratibu, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kusimama. Mzee Eliakunda ananifuata kwa macho. Nazunguka tena. Wanakamati wanaanza kutazamana.

"Mfiwa anakwenda wapi?" ananong'ona mmoja.

"Sijui. Asiachwe peke yake."

Mfiwa haachwi peke yake. Mama Aikande anakuja nyuma yangu, nyuma yake wanawake, nyuma yao kwaya. Natoka mlangoni. Wanatoka. Anaeli na wenzake wananyanyua jeneza kwa sababu hakuna aliyewaambia waliache. Nje ni Pasua tena, lakini barabara zimebadilishana nafasi, hakuna inayokwenda kule ilikozoea. Natembea. Udongo unavuja kati ya vidole, kidogo kidogo.

"Tunaenda kaburi gani sasa?" anauliza Anaeli. "Bibi, mlimani hata mpumbavu anajua kilele kiko juu."

"Kimya," anasema Mama Aikande. "Mfiwa hajasema."

"Tangazo," kinasema kipaza sauti kwa hasira. "Kamati haikupanga hili. Narudia, kamati haikupanga hili."

Turubai linauliza tena habari za mvua. Hakuna anayelijibu. Tunapita kwa fundi baiskeli, tunapita nyuma ya shule, tunapita mahali ambapo pengine hapapo. Watu wananung'unika, miguu inawauma, wameshika udongo na hawana pa kuutupa. Halafu Mama Aikande anasimama mbele ya ua wa nyumba ya Mzee Eliakunda.

"Nimeishi mtaa huu tangu nimeolewa," anasema. "Sikujua kuna maua ya rangi hii kwa mzee."

"Yapo siku zote," anasema Mzee Eliakunda.

"Mabaya kweli."

"Alipanda mke wangu."

"Mabaya," anasema Mama Aikande, na anaendelea kuyatazama muda mrefu.

Nyuma yetu watu wanaanza kuangalia vitu. Wanavibeza vyote. Dirisha hili limepinda. Paka huyu mnene kuliko mwenye nyumba. Kumbe mnazi huu bado upo, unangoja nini? Wanaongea, wanacheka, wanateta, na hakuna anayeuliza tena kaburi liko wapi. Wengine wameshaachia udongo bila kujua.

Nami nikataka kusali, kwa mazoea. Nikafumba macho nikitembea. Nikatafuta cha kuomba, sikupata haraka. Nikasema tu, "Bwana, upo." Nikasubiri sala irudi. Haikurudi.

Nikafumbua macho, nikatazama kiganja. Kilikuwa kitupu.

Kifuniko cha jeneza kinagongwa kutoka ndani kwa kichwa. "Nishusheni," anasema Pasear. Anaeli anamshusha huku akisonya. Pasear anatoka, anajinyoosha, anatembea kando yangu bila kunitazama. Mwendo wangu anausikiliza, kama fundi anavyosikiliza mashine mbovu.

"Vibaya," anasema. "Unapepesuka. Unaminya midomo kama mtu anayekwenda kudai haki. Lakini ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo mimi."

Mkono mdogo wenye vidole vya moto unaingia kwenye kiganja changu. Sikutazama chini. Niliogopa nikitazama nitauliza. Tulitembea mimi na Nuria na marehemu, na mtaa wote nyuma yetu ukiwa na viti vyake, na haikuwa asubuhi wala jioni, na tulikuwa hatufiki.

"Asubuhi utachukua kikapu," anasema Pasear baada ya muda. "Nawajua. Mnanililia usiku, asubuhi mnachukua kikapu. Mtoto atakuja, utampeleka kwa shangazi, utampeleka kanisani, utampeleka sokoni, utampeleka kuonyeshwa kwa watu. Utampeleka kila mahali. Mimi nitakaa palepale."

"Hutakaa."

"Usiniapie mimi. Mimi ni kitenzi, sisikilizi ahadi. Ahidi mbele ya watu wanaokujua, ambao watakucheka ukishindwa."

Kisha akakata kona. Hakuaga. Alisema kuaga ni kwa watu wanaokwenda mahali.

Nikaamka. Manyunyu yalikuwa yanagonga bati. Nikapiga magoti, nikasali, na mara hii nilikaa kimya kidogo kabla ya kuanza kuagiza. Nikajiambia ni ndoto, Namsifu, ulikula maharage usiku. Nikajitanda kanga, nikatoka nje kumwaga maji.

Mama Aikande alikuwa ameketi kibarazani kwake. Miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la maji ya moto, amemwagia chumvi.

"Kwema, jirani?" nikamwuliza.

"Kwema gani? Nimeamka miguu inawaka. Nyayo zote. Kama mtu aliyetoka Kibosho kwa miguu."

"Jana ulikwenda wapi?"

Akainua uso. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyeibiwa. "Ndiyo nashangaa mimi," akasema. "Sikuenda popote."

Mzee Eliakunda akapita na chupa ya maziwa. Alikuwa anachechemea. Mama Aikande akamtazama miguu, akanitazama mimi.

"Na wewe mzee? Umefanya nini?"

"Baridi," akasema mzee. "Naona ni baridi. Maana jana nilishinda ndani."

Nikaweka ndoo chini. Mikono ikabaki mitupu, wote wawili wakaiona, na nikamwona Mama Aikande akianza kupapasa kanga yake mabegani.

"Tulia, jirani," nikasema. "Na wewe mzee, usiondoke. Nataka mnisikie nyote wawili, na Mungu anasikia. Jumamosi mjukuu wangu anafika. Jioni yake akininyooshea mkono, sitamwuliza swali lolote. Nitaushika, na tutapita hapa mbele yenu taratibu, hatujabeba kitu, na hatutakuwa tunakwenda kwa mtu wala mahali. Nikimwingiza kwenye nyumba hata moja, mnicheke mpaka nife. Mama Aikande, ukituona, usijifunge kanga. Na wewe mzee, viti vyako viache vimelala."